Kompresa inaua sauti ya mwimbaji, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Narekodi kwaya yetu chumbani, kwa kutumia Reaper (programu ya kurekodi sauti). Mwimbaji kiongozi akiimba taratibu hasikiki, akifika kiitikio anapasua masikio. Nimeweka kompresa (inayobana sauti ikizidi kiwango fulani): threshodi (kiwango ambacho sauti ikikipita inaanza kubanwa) -24 dB, reshio (kiasi cha kubana) 4:1, ataki (muda wa kuanza kubana) milisekunde 1, rilisi (muda wa kuachia) milisekunde 50, kisha nikaongeza geini ya mwisho (kupandisha sauti yote baada ya kubanwa) desibeli 6. Sauti imetulia kweli, ila imepooza: k na t zimefifia, na pumzi anazovuta zinasikika kama pampu ya baiskeli! Nimeshusha reshio hadi 2:1, pumzi zikapungua kidogo lakini kiitikio kikaanza kuruka tena.

Nirefushe ataki kwanza, au rilisi? Na threshodi mnaipangaje, kwa sikio au kwa kutazama mita ya kompresa (inayoonyesha sauti inabanwa kiasi gani) inavyoshuka?