Jarida limeahidi kuchapisha kwa siku 5, dola 150: nitume?

Asistanti, Bukavu
Wandugu, makala yangu inahusu kaya zilizonusurika mafuriko ya Mei 2023 kule Kalehe, Kivu Kusini. Nilihoji watu 62 wa Bushushu na Nyamukubi, kibali cha komite ya etika ninacho. Jarida moja limeniandikia imeli: siku 5, dola 150. Promota, yaani msimamizi wa utafiti wangu, naye anataka jina lake litangulie. Nifanyeje?

Mama Maktaba, Lubumbashi
Usitume, mwanangu. Siku 5 hazitoshi wahakiki wasome, waandike maoni, nawe urekebishe. Itafute ISSN yake kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure; kutafuta hakulipiwi. Kuwa na ISSN peke yake si dhamana: namba hiyo hutambulisha jarida, haipimi ubora. Kisha soma makala tatu zake za mwaka huu, na uangalie kama wahariri wanaotajwa wanajua kwamba wametajwa. Waandikie kwa anwani za vyuo vyao. Ukishatuma na kusaini kuwapa haki za makala, majarida ya aina hiyo hudai pesa ili makala itolewe, na wakati huo huruhusiwi kuituma kwingine.

Pesa isikukimbize huko. Kongo iko kundi A la Research4Life, mpango unaosaidia nchi maskini kupata majarida ya kisayansi, na wachapishaji kama BMC na PLOS huwasamehe waandishi wa nchi zetu ada ya kuchapisha. Omba usamehewe ada siku ileile ya kutuma. Wengi hukataa kusamehe makala ikishakubaliwa. Mwandishi wa mawasiliano awe wa chuo cha Kongo, maana akiwa mwenzako wa Ubelgiji mnaweza kudaiwa ada. Tena chagua jarida ambalo makala zake zote zinasomwa bure. Yanayochanganya za bure na za kulipia mara nyingi hayasamehe.

Kaka Takwimu, Goma
Kuhusu promota: kanuni za ICMJE, kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, zina masharti manne ya kuwa mwandishi, na yote yatimizwe. Awe amechangia kweli wazo, data au uchambuzi. Ameandika au kusahihisha kwa kina. Ameidhinisha nakala ya mwisho. Na anakubali kuwajibika kwa kazi yote. Akipungukiwa na moja, mshukuru mwishoni mwa makala. Akiyatimiza yote, bado aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ndiye kwa kawaida hutangulia. Kubalianeni kwa maandishi kabla ya kutuma, heshima ibaki.

Asistanti, Bukavu
Aksanti sana. Jarida likiomba data nzima je?

Kaka Takwimu, Goma
Wape kile tu ambacho fomu ya ridhaa iliruhusu. Kufuta majina hakutoshi: «mjane, miaka 43, mwalimu, Nyamukubi» kijiji kizima kitamjua. Umri uweke kwa makundi ya miaka 10, badala ya kijiji taja teritwari tu, GPS iondoke kabisa, na kazi zenye mtu mmoja au wawili ziunganishwe. Orodha inayounganisha namba za waliohojiwa na majina yao ikae faili tofauti yenye nywila, mbali na kompyuta za saiberi.