Kutoka chama cha wafanyakazi hadi bungeni: tumsomeje Mzee Kawawa?

Katibu wa Tawi (Moshi)

Wadau, habari za jioni. Mimi ni katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi katika kiwanda kimoja hapa Moshi, na kwa miezi kadhaa wenzangu wamekuwa wakinisukuma nichukue fomu ya ubunge. Kabla sijawajibu nimerudi kusoma habari za Mzee Rashidi Kawawa, Katibu Mkuu wa kwanza wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, TFL, lililoundwa mwaka 1955, ambaye baadaye aliingia Baraza la Kutunga Sheria na kufikia kuwa Waziri Mkuu Januari 1962. Kinachonitatiza ni kwamba mwaka huo huo serikali aliyoiongoza ilipitisha sheria ya migogoro ya kazi iliyoufanya mgomo halali kuwa jambo gumu mno. Imekuwaje aliyesimama na wagomaji ndiye awafungie mlango? Naomba kuwasilisha.

Mwalimu Mstaafu (Usa River)

Mwanangu, anzia mwanzo. Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni (hata filamu alicheza, jambo ambalo vijana wengi hawalijui), na watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, chama kilichokuwa kikidai uhuru. Chama cha watumishi kilikuwa njia iliyobaki, akaipita. Kwake yeye kudai mshahara na kudai uhuru lilikuwa dai moja. Baada ya Desemba 1961 mwajiri mkubwa akawa serikali ya wananchi wenyewe, na viongozi wengi wa wakati ule waliamini kwamba kugoma ni kuikwamisha nchi changa. Hoja hiyo unaweza kuikataa, lakini usiite usaliti.

Mtoto wa Mkata Mkonge (Arusha)

Shikamoo Mwalimu. Kwa heshima zote, naomba nitofautiane nawe, kwa sababu si wanavyama wote walioamini hivyo. Christopher Kasanga Tumbo wa chama cha reli, naye mbunge, alipelekwa London kuwa balozi mwaka 1962. Hakukaa, alijiuzulu na kuanzisha chama cha upinzani. Victor Mkello wa wafanyakazi wa mashamba alihamishiwa Sumbawanga kwa amri ya serikali Januari 1963. Kisha yakaja maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi wote, ambacho Katibu Mkuu wake aliteuliwa na Rais. Wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa wakati huo huo Waziri wa Kazi.

Marehemu baba alikata mkonge miaka mingi. Kadi yake ya NUTA ninayo kwenye kopo la biskuti. Maandishi yote yamefifia isipokuwa jina lake, ambalo alilikoleza mwenyewe kwa kalamu ya wino. Alikuwa akituuliza: ukimshitaki mwajiri kwa katibu wako, na katibu ndiye waziri, rufaa unampelekea nani?

Mwalimu Mstaafu (Usa River)

Marahaba. Hilo la Kamaliza sina la kulitetea.

Wakili wa Njiro

Mleta mada, historia hiyo ni nzuri, ila swali lako lina upande wa leo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imerudisha haki ya kugoma, kwa masharti: mgogoro wa maslahi (kama wa kudai nyongeza ya mshahara) upite kwanza kwenye usuluhishi, kwa kawaida siku 30, kisha mwajiri apewe notisi ya saa 48. Kwa hiyo tawini una nguvu ambayo katibu wa NUTA hakuwa nayo.

Bungeni hali ni nyingine. Ibara ya 67 ya Katiba inataka mgombea awe mwanachama wa chama cha siasa na apendekezwe nacho, na kwa Ibara ya 71 mbunge akikoma kuwa mwanachama wa chama hicho, kiti kinamtoka. Wenzako kiwandani wanaweza kukupigia kura, lakini kadi itakayokuweka bungeni si ya kwao. Ukija muswada unaowabana wao na chama chako kinautaka, utakaa upande gani? Hilo uwajibu kabla ya fomu, na ukatibu uukabidhi kwa mwingine mapema.

Katibu wa Tawi (Moshi)

Nashukuru sana, wakubwa zangu. Jumamosi tuna kikao cha tawi, na nimesikia wameshaanza kuchanga pesa za fomu. Nitawasomea Ibara ya 71 kabla daftari la michango halijafunguliwa.