Naomba ushauri: mama mwenye nyumba anataka nikapokee Dao

Wakuu habari zenu, niko Taiwan nasoma, mama mwenye nyumba wangu ni muumini wa dini ya Yiguandao na ananisihi niende hekaluni kwao nikapokee Dao (yaani "Njia", ndiyo ibada ya kuingizwa kwenye dini yao). Ni mtu mwema sana, ananiletea tofu na uyoga maana wengi wao hawali nyama, sitaki kumvunja moyo. Nimefuatilia nikakuta dini hii ilishika kasi chini ya Zhang Tianran kuanzia 1930 huko Shandong, wanaamini kuna Mama wa Milele anayewaita watoto wake warudi kabla dunia haijaharibika. Zhang alifariki 1947 wafuasi wakagawanyika, wengi wakamfuata mkewe Sun Suzhen, wengine wakabaki upande wa mke mwingine. China bara wakapigwa marufuku, Taiwan nako mpaka 1987. Saa hizi matawi ni mengi, Jichu, Baoguang, Fayi (mama mwenye nyumba ni wa hili), kila moja na viongozi wake. Kinachonitisha, jina lako linaandikwa kwenye karatasi inachomwa mbele ya madhabahu, halafu unaapa kutotoa siri ya zile wanazoita hazina tatu (mambo matatu ya siri anayofundishwa anayepokea Dao). Mimi Mkristo jamani, niende nikale nao tu au nikatae kabisa, na nimwambieje asione namdharau?