Miaka 150 ya kuishi: tuitafute, au tuuache mpaka ulipo?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta jambo ambalo limenikaa moyoni, na naomba tulijadili kwa hoja.

Tarehe 3 Septemba 2025, jijini Beijing, Xi Jinping na Vladimir Putin walikuwa wakitembea kuelekea kwenye gwaride la kijeshi. Vipaza sauti vilikuwa wazi na televisheni ya taifa ya China ilikuwa ikirusha matangazo. Mkalimani wa Putin akasikika akisema viungo vya binadamu vinaweza kupandikizwa mfululizo, mtu akazidi kuwa kijana kadiri anavyoishi, pengine asife kabisa. Xi naye akasema wapo wanaotabiri kwamba ndani ya karne hii mtu ataweza kufikisha miaka 150. Wote wawili walikuwa na umri wa miaka 72. China iliondoa ukomo wa mihula ya rais mwaka 2018, na Urusi ilirekebisha katiba mwaka 2020 ikamfungulia Putin njia ya kubaki madarakani hadi 2036.

Wengi walicheka. Mimi niliogopa, kwa sababu tamaa hiyo ni ya zamani lakini safari hii ina fedha na maabara nyuma yake. Mfalme Qin Shi Huang, aliyeiunganisha China, alituma watu baharini wakamtafutie dawa ya kutokufa; alikufa mwaka 210 kabla ya Kristo akiwa na miaka 49 hivi. Leo Google ilishaanzisha kampuni ya Calico tangu 2013 kuchunguza uzee, na mwaka 2022 Altos Labs ilizinduliwa ikiwa na mtaji wa dola bilioni 3.

Msimamo wangu nausema mapema. Fedha za umma na akili za wanasayansi ziende kwanza kwa wale wasioufikia uzee, na kwa wazee ili wazeeke wakiwa na nguvu zao. Kuusukuma mpaka wenyewe wa umri kusiwe lengo letu.

Watu wengi wanaamini sayansi imeshaurefusha umri wa binadamu. Kilichopanda ni wastani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba wastani wa umri wa kuishi duniani ulikuwa miaka 66.8 mwaka 2000, ukafika 73.1 mwaka 2019. Sehemu kubwa ya maendeleo ya namna hii, tangu karne iliyopita, imetokana na watoto kuacha kufa. Mwaka 1990 watoto zaidi ya milioni 12 walikufa kabla ya kutimiza miaka 5. Mwaka 2022 walikuwa chini ya milioni 5. Mtoto mmoja aliyeokolewa na chanjo ya surua huenda amepewa miaka sabini kwa mkupuo. Hakuna dawa ya mzee inayoweza kutoa zawadi ya ukubwa huo. Na bado hao karibu milioni 5 wanakufa kila mwaka, wengi kwa kuhara, homa ya mapafu, malaria na matatizo ya kuzaliwa, mambo ambayo tunajua namna ya kuyazuia.

Sasa tuangalie kule juu. Mtu aliyeishi muda mrefu kuliko wote kwa ushahidi wa nyaraka ni Jeanne Calment wa Arles, Ufaransa, aliyefariki 1997 akiwa na miaka 122 na siku 164. Kisa chake kinafundisha mengi. Mwaka 1965, akiwa na miaka 90, aliingia mkataba na wakili mmoja: wakili amlipe kila mwezi hadi atakapokufa, kisha achukue nyumba yake. Wakili alilipa miaka thelathini. Akafa yeye kwanza, mwaka 1995, na familia yake ikaendelea kulipa. Mwaka 2018 watafiti wa Urusi walidai kwamba aliyekufa alikuwa binti yake aliyejifanya mama, na wenzao wa Ufaransa wakaitetea rekodi. Mimi nasema hata tukimwondoa kwenye orodha hoja yangu inapata nguvu zaidi, maana wanaomfuata waliishia miaka 119. Zaidi ya robo karne imepita, tiba imepiga hatua kubwa, na hakuna mwingine aliyegusa 120.

Sababu zinajulikana kwa kiasi. Mwaka 1825 mwanahisabati Mwingereza Benjamin Gompertz aligundua kwamba kwa mtu mzima uwezekano wa kufa hujirudufu kila baada ya miaka kadhaa. Siku hizi hukadiriwa kuwa kama minane. Ukifika miaka 110, kuuona mwaka unaofuata ni kama kurusha sarafu. Mwaka 1961 Leonard Hayflick na Paul Moorhead walionyesha kwamba seli za kawaida za binadamu zikikuzwa maabara hugawanyika mara hamsini hivi, kisha husimama. Kabla yao wataalamu waliamini seli zikitunzwa vizuri hazifi. Baadaye ikaeleweka kwamba ncha za kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni ndani ya seli), zinazoitwa telomea, hufupika seli zinapogawanyika, mpaka seli ishindwe kuendelea.

Zipo seli za binadamu zisizosimama. Za Henrietta Lacks, mama Mmarekani, zilichukuliwa katika hospitali ya Baltimore mwaka 1951 bila ridhaa yake, na mpaka leo zinagawanyika katika maabara za dunia nzima. Zimesaidia hata utafiti wa chanjo ya polio. Lakini zilikuwa seli za saratani, na yeye alifariki mwaka huohuo akiwa na miaka 31. Seli zilizokataa kufa ndizo zilizomuua. Kila ninaposikia mtu akiahidi kuziondolea seli zetu breki, namkumbuka mama huyu aliyeacha watoto watano.

Karibuni. Anayepinga apinge kwa hoja.

Daktari wa wazee

Mleta mada, heshima yako. Umeeleza vizuri, lakini hesabu ya Gompertz uliyoileta ndiyo hoja yangu mimi.

Kinachowaua wagonjwa wangu kina majina mengi: moyo, kiharusi, saratani, kusahau. Mzizi ni mmoja, umri. Nikimtibu mzee saratani akapona, baada ya miaka michache moyo unamwangusha, kwa sababu mwili ni uleule unaochakaa. Tunatumia mabilioni kukata tawi mojamoja. Kama tungeweza kupunguza kasi ya uzee wenyewe, magonjwa yote hayo yangechelewa kwa pamoja, na miaka inayopatikana ingekuwa ya afya. Hicho ndicho unachokitaka wewe mwenyewe! Huwezi kukitaka halafu ukaukataa utafiti unaoelekea huko kwa sababu mtu mmoja mwenye madaraka ameusifia.

Na huo mpaka si amri. Mwaka 1993 Cynthia Kenyon na wenzake walibadilisha jeni moja ya mnyoo mdogo, akaishi mara mbili ya kawaida. Mwaka 2009 panya walioanza kupewa dawa iitwayo rapamaisini wakiwa tayari wazee waliishi muda mrefu zaidi. Yupo fuko asiye na manyoya, mdogo kama panya, anayefikisha miaka 30 na zaidi wakati panya wa kawaida hafiki hata minne, na uwezekano wake wa kufa hauonekani kupanda na umri. Papa wa Greenland anakadiriwa kuishi miaka 272 kwa uchache. Maumbile yenyewe yanatuonyesha kwamba kasi ya kuzeeka hutofautiana, na kinachotofautiana kinaweza kuchunguzwa.

Usinambie tiba zitakuwa za matajiri. Penisilini mwaka 1941 ilikuwa haba kiasi kwamba mgonjwa wa kwanza kutibiwa nayo pale Oxford, askari polisi, mkojo wake ulikusanywa ili dawa ichujwe na kutumika tena. Ikaisha, akafa. Miaka michache baadaye ilikuwa inatengenezwa kwa wingi. Tungeiacha kwa sababu ilianza kuwa ya wachache?

Muumini

Ndugu zangu, mimi nitasema kwa ufupi. Kujitibu si dhambi na daktari nakuombea heri. Ila kuna tofauti kati ya mgonjwa anayeomba apone na mtu anayetaka asiwe na mwisho. Wa kwanza anajua kwamba maisha amepewa. Wa pili ameanza kuamini ni mali yake. Mtu wa namna hiyo nikimpa miaka mia nyingine, simwoni akiitumia kumfaa jirani yake. Atatumia yote kujilinda.

Binti wa mzee

Nimewasoma wote, na naomba niwarudishe chumbani kwa baba yangu, mwenye miaka 91.

Asubuhi kufunga vifungo vya shati kunamchukua muda, na hataki asaidiwe. Ana daftari la zamani la namba za simu. Kila rafiki anapofariki anachukua rula, anampigia mstari mmoja ulionyooka, hafuti jina. Kuna kurasa ambazo zote ni mistari. Hajawahi kuniomba miaka. Anachoniomba kila siku ni magoti, aweze kufika nje mwenyewe bila kunisubiri. Daktari, ukinipatia dawa ya kumrudishia magoti nitakupigia magoti mimi.

Lakini mleta mada, na wewe kuna jambo nakudai. Mwaka jana baba alianza kulala mchana kutwa, chakula hataki. Tulimpeleka hospitali, tukaambiwa "ni uzee tu", turudi nyumbani. Ndugu nao wakasema ameshakula chumvi nyingi, tumwache apumzike. Nilimpeleka kwingine, wakampima damu, wakakuta imepungua sana na kidonda tumboni kinachovuja taratibu. Alitibiwa, akarudi kwenye daftari lake. Kwa hiyo maneno ya "mpaka uheshimiwe" yananitia hofu, maana nimeona yanavyotumika mlangoni mwa hospitali. Anayesema mzee ameishi vya kutosha mara nyingi siye huyo mzee.

Mleta mada

Dada yangu, pole kwa uliyopitia, na hongera kwa kutokubali. Nakuunga mkono moja kwa moja. Shirika la Afya Duniani lilipoandaa orodha yake mpya ya magonjwa, iliyoanza kutumika Januari 2022, lilitaka kuingiza humo "uzee" kama sababu ya kiafya. Watetezi wa wazee walipinga kwa hofu hiyohiyo yako, kwamba daktari ataandika neno moja na kuacha kupima. Neno likaondolewa, pakawekwa maelezo ya kupungua kwa uwezo wa mwili kunakohusiana na umri. Walifanya vizuri. Mpaka ninaoutetea hauko kwenye umri wa miaka 91 wala 101. Mzee wa miaka 104 mwenye kidonda tumboni atibiwe kama mtoto wa miaka minne.

Muumini, nakuelewa, ila mimi simhukumu mtu kwa kutaka kuishi. Nami nataka. Ninachopinga ni kuifanya tamaa hiyo kuwa mradi wa umma wakati foleni ya mbele yake ni ndefu.

Daktari, umenibana vizuri kwenye dawa zako za panya, na kama rapamaisini au nduguye itampa baba wa dada yetu magoti, mimi nitakuwa wa kwanza kushangilia. Lakini mfano wa penisilini siupokei. Penisilini ilienea kwa sababu serikali za vitani ziliwekeza kuizalisha kwa ajili ya askari wao, na kwa sababu mgonjwa huimeza kwa siku chache akaachana nayo. Dawa ya uzee, ikija, haitakuwa hivyo. Itamezwa maisha yote. Ilinganishe na insulini. Iligunduliwa 1921, na mwaka 1923 wagunduzi waliuza haki zao kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja, wakitaka imfikie kila mgonjwa. Karne moja imepita na mpaka leo kuna wagonjwa wa kisukari wengi duniani wanaikosa kwa bei au kwa sababu haifiki walipo. Hiyo ni dawa ambayo mtu akiikosa anakufa, na walioigundua walikuwa na nia njema. Unaniahidi nini kuhusu dawa ambayo waanzilishi wake ni kampuni zenye wawekezaji wanaosubiri faida?

Halafu kuna hili la madaraka, ambalo hukuligusa kabisa. Majaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani huteuliwa kwa maisha. Mapapa huchaguliwa kwa maisha. Wapo marais ambao katiba zao zimelegezwa hadi kaburini. Taratibu hizo zote ziliandikwa na watu waliojua kwamba mwenye cheo atakufa, na kifo ndicho kimekuwa kikifanya kazi ambayo sheria iliogopa kuifanya. Ukimwongezea mwenye kiti miaka sitini ya afya njema, kijana aliyezaliwa leo atapata nafasi lini?

Kwa hiyo nakuuliza wewe, na yeyote anayekuunga mkono. Tuseme dawa imepatikana mwaka kesho, inaongeza miaka 30 ya nguvu, na iliyopo inatosha mtu mmoja kati ya elfu. Nani anapewa kwanza, nani anaamua, na je, anayeinywa anakubali kuachia kiti chake siku anapoanza kuimeza? Nataka jibu la hayo matatu kabla hujanirudishia papa wa Greenland.