Tupeane uzoefu: Sindano za Kichina, anayeanza ajue nini?

BintiKatonga, Kigoma
Wadau, habari za jioni. Mama yangu mdogo anaanika dagaa Kibirizi tangu mimi mtoto, sasa kiuno kimemgomea. Hospitali alipigwa picha, akapewa dawa za maumivu na mazoezi. Anapata nafuu, kisha yanarudi palepale. Ndugu yetu wa Dar anamshawishi ajaribu sindano za Kichina (akyupancha), lakini akisikia neno sindano tu anabadilisha mazungumzo. Mliowahi kutibiwa, semeni mlichokutana nacho. Matangazo ya kliniki sitaki.

Mnyamwezi wa Isevya
Dada, kwanza mama mdogo asahau ile sindano ya hospitali. Ile ni nene kwa sababu ina tundu la kupitishia dawa. Hii haina tundu wala dawa, unene wake robo milimita hivi au pungufu, ukiigusa inapinda. Mimi nilikuwa na kipandauso. Kuingia ni kama kuumwa na sisimizi, basi. Kilichonishtua ni kilichofuata: aliizungusha kidogo ile ya kati ya kidole gumba na cha shahada, nikasikia mkono unakuwa mzito, unavuta kuelekea kiwiko. Akasema hiyo ndiyo hali wanayoitafuta. Ila ukisikia maumivu makali au kama shoti ya umeme, sema hapohapo airekebishe, usijikaze kiume.

Baada ya hapo unalala nazo nusu saa hivi bila kujigeuza. Wengine tunakoroma kabisa. Kichwa hakikupona siku ile. Siku za kuuma zilipungua taratibu kadiri nilivyorudi.

Mama Rehema, Ujiji
Mwanangu, ale kwanza! Kuna kijana tuliyekuwa naye kliniki alikuja na njaa. Sindano hazijakaa hata kidogo, jasho likamtoka, macho yakageuka. Wakazichomoa zote, wakamlaza miguu juu, baadaye chai ya sukari. Kama amefunga, apange siku nyingine.

Avae dera au suruali pana. Mimi nilikwenda kwa ajili ya goti, nyingine nikawekwa hadi kwenye kifundo cha mguu. Na akitaka ahudumiwe na mwanamke, aombe, asione haya. Goti langu? Ngazi napanda sasa, alhamdulillah, ila kuswali bado nakaa kwenye kiti.

Dereva wa Nzega
Mimi niliondoka kabla ya kuchomwa. Kliniki yenyewe siitaji jina. Jamaa kaniambia niache dawa za presha, "sindano zitamaliza kila kitu", halafu sindano zenyewe zimelowekwa kwenye kibakuli cha spiriti! Nikavaa shati langu. Sindano ifunguliwe kwenye pakiti yake mbele ya macho yako, itumike mara moja, itupwe kwenye boksi la vitu vyenye ncha. Homa ya ini haina mchezo. Na muulizeni usajili wa Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala. Sheria ipo tangu 2002, mtu halali haoni tabu kukuonyesha cheti.

Nesi Mstaafu, Tabora
Naongezea. Mtabibu aambiwe kama mgonjwa ni mjamzito, anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au ana betri ya moyo, maana wengine huunganisha sindano na umeme. Tone la damu au alama ya bluu ni kawaida. Kubanwa pumzi baada ya kuchomwa kifuani au mgongoni juu si kawaida: ni nadra, lakini pafu huweza kutobolewa. Mkimbizeni hospitali.

Kiuno chenye miguu kufa ganzi, mkojo usiozuilika, homa au kukonda, kwanza hospitali, TB ya mgongo ipo. Kwa maumivu sugu ya mgongo, goti na kipandauso, tafiti zinaonyesha nafuu, ingawa walipolinganisha na sindano za bandia, yaani za kuigiza tu tiba, tofauti ilikuwa ndogo. Kwa hiyo anayekuahidi kuponya kisukari kwa sindano, muage.

BintiKatonga
Asanteni sana, Mama Rehema shikamoo. Mama mdogo kasomewa yote, kilichomkuna ni ile habari ya chai ya sukari. Sasa kama ni kurudi kila wiki, kutoka Kigoma hadi Dar kwa treni na kiuno hicho itakuwaje? Waliotibiwa mbali na nyumbani, mlifikia wapi, na kozi yenu ilichukua muda gani?

Mnyamwezi wa Isevya
Mimi nilikwenda mara moja kwa wiki, zaidi ya mwezi. Nilifikia kwa shemeji. Kabla hajapanda treni, mpigieni mtabibu simu, mumweleze tatizo na mumuulize ratiba na bei ya kozi nzima.