Ziwa Nyasa: nikiweka mvuvi, utulivu wa picha unapotea

Brashi_Kyela: Wakuu, salaam. Kanvasi ni sm 60 kwa 80, rangi ya akriliki. Ziwa asubuhi kutoka ufukwe wa Matema ukitazama kusini, Milima ya Livingstone kushoto. Bila mtu inakuwa picha ya kalenda. Nikiweka mvuvi katikati (sm 9, shati jekundu, mitumbwi miwili nyuma yake), jicho linaganda kwake na ziwa linakufa. Kosa ni ukubwa au rangi?

Rangi_Iringa: Vyote, mkuu, na mahali pia. Mshushe hadi sm 2 au 3, msogeze theluthi ya kulia apate kupimana na uzito wa milima. Mchore mgongo: uso ukionekana, mtu anausoma uso, mgongo unampeleka kutazama anakotazama mvuvi. Jekundu la tyubu lipoze kwa kijani kidogo sana. Bega la kushoto linalopokea jua liache na ukingo mkali, upande wa pili uyeyushe kwa brashi yenye unyevu upesi, maana akriliki hukauka haraka.

Mama_Kanvasi: Wengi hukosea kichwa. Ukichora umesimama ufukweni, upeo, yaani mstari ziwa linapokutana na mbingu, uko usawa wa macho yako, kwa hiyo mtu aliyeketi mtumbwini kichwa chake kinabaki chini ya mstari huo, awe karibu au mbali. Kikiuvuka, anakuwa jitu.

Taswira yake majini ishuke wima, isiinamie upande kama kivuli cha jua. Penye giza, majini pafifie kidogo. Penye mwanga, pakolee kidogo. Halafu vuta mistari miwili mitatu ya mlalo kwa brashi bapa kavu. Ukizidisha, maji yameshaingia upepo.

Rangi_Iringa: Na hiyo mitumbwi ya nyuma ifute. Mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, kwenye picha yake ya mtawa kando ya bahari (1808–1810), alianza na mashua, akazifunika kwa rangi, akabaki mtu peke yake. Kabla ya kupaka, kata mvuvi wa karatasi, mbandike kwa tepu, rudi nyuma hatua tano utazame.

Mama_Kanvasi: Au mwondoe kabisa, dada. Mtumbwi uliovutwa mchangani, kasia bado linachuruzika, vyungu vitatu vya Wakisi, wale wafinyanzi wa kando ya ziwa, pembeni. Mtu yupo, ila haonekani.

Brashi_Kyela: Ndaga fijo, asante sana! Vyungu vikae mchanga mkavu au wenye unyevu?

Mama_Kanvasi: Mkavu. Kwenye unyevu mchanga ni mweusi, vyungu vitapotea humo.