Jumuiya ya wenye nyumba ufukweni Kigoma: jarida la rangi kurasa nane, hela ya ukuta hata mstari mmoja hamna

Mwakeye wakuu.

Mods naomba uzi huu usiunganishwe na ule wa ziwa kujaa, maana hapa silalamikii ziwa. Ziwa halijanikosea. Nalalamikia watu.

Mimi ni mmoja wa wenye nyumba kando ya ziwa Tanganyika hapa Kigoma, upande wa Bangwe. Mtaa siutaji, jumuiya siitaji, na majina ya watu msije kuniomba inbox, sitatoa. Wenyewe wanajijua, na najua wamo humu, maana mwenyekiti wetu ana muda wa kusoma nyuzi kuliko muda wa kusoma mahesabu.

Leo asubuhi kwenye grupu la WhatsApp imerushwa "Habari za Jumuiya" ya mwezi huu. PDF ya rangi, kurasa nane, nembo mpya ya mtumbwi na jua linalozama. Nikakaa barazani na chai yangu nikaifungua. Ukurasa wa kwanza, mwenyekiti anakata keki. Wa pili, mwenyekiti analishwa keki. Wa tatu, hongera kwa familia iliyoozesha. Wa nne, geti limepakwa rangi, kuna picha ya kabla na picha ya baada (kabla lilikuwa la bluu, baada ni la bluu). Wa tano, nasaha za mlezi kuhusu umoja. Wa sita, kwa herufi nyekundu: WADAIWA SUGU.

Nyumba yangu ipo. Namba ya kiwanja, rangi ya bati, na kwenye mabano wameandika "yenye gari jeupe". Yaani kama natafutwa na polisi.

Mama mkwe wangu katoka Kasulu kuja kutusalimia, ana wiki sasa hapa nyumbani. Shemeji yangu, ambaye naye yumo kwenye lile grupu, kamtumia. Nikiwa bado na kikombe mkononi nasikia nyuma yangu, kwa sauti ya upole kabisa: "Baba, kumbe mnadaiwa?" Wakuu, ninyi mlio na wakwe mnanielewa. Nilitamani ziwa lipande saa ile ile linichukue.

Sasa nieleze nadaiwa nini.

Masika ya 2024 mnayakumbuka, zile mvua za El Nino. Mto Malagarasi ulishuka na maji ya sehemu kubwa ya magharibi ya nchi, mto Ruzizi nao ukamwaga ya kwake kutoka ziwa Kivu, na ziwa lenyewe lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kongo. Yakiingia mengi kuliko yanayotoka na yanayokauka kwa jua, yanapanda juu, na yakipanda hayashuki kesho. Wenzetu wa Gatumba kule Burundi waliyaona makubwa kuliko sisi. Hapa kwangu nilikuwa na ngazi saba za saruji za kushukia ufukweni. Mwezi wa tatu zilibaki nne. Mwezi wa tano, ziwa likiwa limefika juu kabisa, zilibaki mbili, na usiku upepo ukivuma mawimbi yalikuwa yanagonga ukuta wa choo cha nje, unalala huku unahesabu. Nilikuwa nachora alama kwa penseli kwenye nguzo ya banda la mbuzi kila Jumamosi. Alama zipo mpaka leo, na ya juu kabisa inafika kwenye goti la mtu mzima.

Na hapa niseme ukweli ambao wenzangu wa jumuiya hawapendi kuusikia. Kosa la kwanza ni letu sisi wenyewe tulionunua. Mzee mmoja jirani yangu, amezaliwa hapa hapa, alinionyesha mwembe ulio ndani ya kiwanja changu akasema mwaka 1964 alikuwa anafunga mtumbwi pale. Ndani ya kiwanja changu! Nikacheka kwa adabu, nikajua uzee. Kumbe mzee yuko sawa, miaka ile ya sitini ziwa lilijaa hivi hivi. Baadaye likarudi chini miaka mingi, ardhi ikakauka, ikapimwa, ikauzwa, sisi tukaja na matofali yetu. Anayebisha aende Ujiji kwenye mnara wa Livingstone. Pale alipokutana na Stanley mwaka 1871 tunasimuliwa palikuwa karibu na maji, leo ukisimama mnarani unatembea kweli kweli kulifikia ziwa. Ziwa hili linakwenda na kurudi. Tulijenga kwenye kiti cha mtu aliyetoka kidogo.

Basi, Aprili 2024 ukaitishwa mkutano wa dharura. Ikakubaliwa tujenge ukuta wa mawe na nyavu, yale magabioni, kwenye kipande chote cha ufukwe wetu. Kila kaya 350,000. Mimi nilitoa siku ya nne, risiti ninayo, ina muhuri na sahihi ya mhazini. Mwisho wa Mei katibu mwenyewe akaandika kwenye grupu: "Tunamshukuru Mungu hadi leo kaya 37 zimekamilisha." Chukueni kalamu. 37 mara 350,000 ni 12,950,000. Milioni kumi na tatu kasoro elfu hamsini.

Kilichoonekana kwa macho ni fuso tatu za mawe, yakamwagwa nyuma ya geti, na mabunda ya nyavu. Mawe yameota nyasi, kuku wanatagia humo. Nyavu zimeshika kutu, bunda moja watoto wamelifanya goli. Mita ya ukuta iliyojengwa: sifuri.

Agosti tukaambiwa kazi imesimama "kusubiri kibali". Nikauliza, kibali cha nini, nikaambiwa mazingira. Wakuu, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ni ya mwaka 2004! Kifungu cha 57 kinasema ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa hakuna shughuli ya kudumu. Kamati ina wasomi watatu, mmoja ana shahada mbili, halafu wanakuja kukumbuka kibali baada ya kununua mawe? Kibali ndicho kinatafutwa kwanza, halafu mhandisi, halafu hela. Sisi tulianza na hela. Na hizo mita 60 zenyewe zinapimwa kutoka maji ya mwaka gani, ya kiangazi au ya masika? Mimi nilipojenga nilikuwa mbali nazo, sasa hivi sijui nasimama wapi. Hilo ndilo jambo la kuandika kwenye jarida, maana kila mwenye hati hapa linamnyima usingizi. Ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika iko mji huu huu, ndio wanaopima kina cha ziwa. Kuna aliyetumwa kwenda kuuliza hata siku moja? Hakuna. Ila mpiga picha wa keki alilipwa.

Tena kuna fundi mmoja, amefanya kazi za majini miaka, nilimleta kwa nauli yangu aangalie. Alichukua kijiti akachora kwenye mchanga. Akasema ukuta wa aina hii usipochimbiwa msingi na kuwekewa kitambaa cha kuzuia mchanga nyuma yake, wimbi linakomba chini taratibu mpaka unainama wenyewe. Na ukiishia katikati ya mtaa, maji yanayogonga mwisho wake yanamla jirani aliyebaki nje. Nikamwuliza mwenyekiti kwenye grupu, mchoro upo? Akajibu kwa kidole gumba. 👍 Hilo ndilo jibu nililopewa na uongozi kuhusu milioni kumi na tatu.

Mwaka huu wakaja na "awamu ya pili", kila kaya 200,000. Nikasema, mimi sitoi mpaka nione ya kwanza ilivyotumika. Sikukataa kulipa! Nimesema nioneshwe. Ndiyo huo usugu wangu. Yaani jarida limepata ukurasa mzima wa kunianika, limekosa mstari mmoja wa kusema: tuliingiza kadhaa, tukanunua kadhaa, zimebaki kadhaa.

Ya walinzi na taka, elfu kumi na tano kila mwezi, siyagusi leo. Taka zinatoka, mlinzi analala, ni kawaida ya walinzi.

Lakini la geti siliachi, maana ndilo linaloniuma kuliko hata hela.

Kati ya nyumba ya tano na ya sita kulikuwa na kichochoro cha kushukia ziwani. Kipo kabla ya sisi wote. Kina mama wanapita na beseni za dagaa alfajiri mitumbwi ikirudi, wanaanika mchangani, wanakusanya jua likipoa. Kamati ikaona ni "hatari ya kiusalama", wakaweka geti (hilo hilo la bluu) na kufuli, funguo kwa mlinzi. Sasa kina mama wanazunguka mpaka mwalo wa pili na beseni kichwani. Kuna mama mmoja, namwita tu mama wa dagaa, kaniuzia miaka yote niliyokaa hapa, wakati mwingine ananiwekea samaki mgebuka mmoja juu bure kwa ajili ya watoto. Wiki iliyopita nimemkuta kasimama nje ya geti, beseni liko chini, maji ya dagaa yanamtiririka mgongoni, anamsubiri mlinzi aamke. Akaniambia, "Mwanangu, kumbe ziwa limepata mwenyewe?" Nikakosa la kusema. Nikaenda kumgongea mlinzi, naye akaniambia mzee mimi nina maagizo.

Huyu mama alikaa bila kazi ile miezi mitatu ya 2024 serikali ilipofunga uvuvi ziwani, Mei mpaka Agosti, akavumilia, akasema samaki wazae. Hakulalamika. Leo anafungiwa njia na watu waliohamia juzi, walionunua kwake huyo huyo kitoweo cha kwanza.

Na jarida linasemaje kuhusu geti? "Muonekano mpya, hadhi mpya."

Ninachotaka ni vitu vichache. Taarifa ya bank ya akaunti ya ukuta, yote, siyo ya kusomewa, ya kushika mkononi. Risiti za mawe na nyavu. Kichochoro kifunguliwe. Na nyumba yangu ifutwe kwenye ukurasa ule na toleo lirushwe upya, ili mama mkwe alione kabla hajarudi Kasulu. Kama kuna mdau anayejua utaratibu wa mwanachama kwenda kwa Msajili wa Jumuiya pale Mambo ya Ndani kudai mahesabu, anitiririkie hapa. Katiba yetu inasema mahesabu yasomwe kila mwaka, tangu tuanze yamesomwa mara moja, siku mvua inanyesha kwenye bati na hakuna aliyesikia.

Povu ruksa.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Naona mmeniambia nihame. Kumwuzia nani, wakuu? Mteja akija mwezi wa tano anaona ngazi mbili. Na wewe uliyesema "matajiri wa ufukweni wanagombana", karibu uone utajiri, nyumba yangu nimeijenga kwa mkopo wa mshahara miaka tisa, madirisha ya nyuma mpaka leo ni maturubai.

Aliyesema niende kwa mwenyekiti wa mtaa, nimekwenda. Amenisikiliza vizuri, akasema hata yeye hajui kichochoro kilifungwa kwa ruhusa ya nani, na atakuja Jumatatu na mtendaji kukiangalia. Hilo angalau ni jibu la mtu.

NYONGEZA YA PILI, saa tano kasoro: Mhazini kanipigia. Hakuanza hata na salamu. "Kaka, kwa nini unatuanika kwa watu?" Nikamwambia dada yangu, aliyeanza kuanika ni nani, mimi nimeanikwa kurasa ya sita na gari langu. Akanyamaza. Akasema hesabu zipo, daftari lipo, tatizo ni mimi sina uvumilivu. Nikamwomba nitumie basi picha, sasa hivi, nitaufuta uzi mbele yako.

Ametuma. Ukurasa mmoja wa daftari la mistari, mwandiko mzuri tu. Mawe, fuso tatu. Nyavu. Usafiri. Posho ya vikao, imeandikwa mara sita. Chini kabisa kuna mstari wa jumla, na juu ya jumla kimelala kidole gumba chake. Nimekuza picha mpaka imekuwa miraba mitupu. Naona kucha, ina rangi nyekundu, naona sifuri mbili za mwisho.

Nimemwandikia, dada, toa kidole. Tiki mbili za bluu, saa nzima sasa.